Emilia Gideoni Ndahani, Aliyewasikiliza Watu Chang'ombe (1979–2025)

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi mliotoka mbali, poleni. Wasifu huu ninausoma mimi, Angelina, mama mkubwa wa marehemu. Ulikuwa umekwisha kuchapwa. Kwa jambo lililotokea nyumbani kwangu, penye msiba, juzi Jumamosi, nimeagiza uchapwe upya.

Marehemu Emilia alizaliwa tarehe 19 Mei 1979 kijijini Handali, wakati tunavuna uwele. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Gideoni Ndahani na mdogo wangu Mariamu, ambao wote wametangulia. Akiwa na miaka minane aliwekwa juu ya dungu afukuze ndege shambani. Ndege wakala wakashiba. Alipoulizwa akasema, "Mke wa jirani alikuja kukaa chini ya dungu analia. Ningepigaje kelele?" Baba yake alimchapa, bibi yake alicheka mpaka akakaa chini.

Alisoma Shule ya Msingi Handali, akamaliza mwaka 1993, akaendelea na sekondari Dodoma mjini, kisha chuo cha ualimu. Mwaka 2002 alipangiwa kufundisha Kolo, kule Kondoa. Sisi tulioishia shule ya msingi tulijivuna naye, na mimi nilijivuna kuliko wote. Mwaka 2009 akarudi darasani, chuo kikuu pale Chimwaga, kusomea saikolojia na ushauri nasaha, akahitimu 2012.

Tarehe 30 Julai 2005 alifunga ndoa na Elisha Chilewa, fundi wa mashine za kusaga, mtu mpole. Mungu akawajalia Daudi na Erica.

Mwaka 2013 alifungua chumba cha ushauri uani kwake, Chang'ombe. Walikuja wajane, walevi, wanafunzi. Walikuja pia wale tunaowasema pembeni: wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, na aliyezaliwa binti lakini moyoni ni mwanamume. Nayasema wazi, maana kwa umri huu hakuna wa kuniziba mdomo. Majirani walinung'unika. Nikamwambia, "Emilia, nidokezee tu, huwa wanasema nini mle ndani?"

"Mama mkubwa, nikikudokezea yao, na yako nimdokezee nani?"

"Yangu yana nini!"

"Basi na yao hayana kitu."

Siku moja nikiwa pale uani nachambua karanga, mzee mmoja alimleta mwanawe, akafoka, "Huyu mnyooshe!"

Emilia akasema, "Shikamoo, baba. Mimi sinyooshi watu. Akitaka kuzungumza, nitakaa naye."

"Sasa kazi yako ni nini?"

"Apate mahali pa kukaa bila kuogopa."

Mzee akasonya, akaondoka. Kijana akabaki. Jioni Emilia aliniambia, bila kutaja jina, kwamba mtu wa kwanza wa namna hiyo alipofika kwake, yeye Emilia alimhubiria badala ya kumsikiliza, na mtu yule hakurudi tena. "Alikuja kutafuta mtu, mama mkubwa, akakuta mahakama." Tangu hapo alijifunza kunyamaza, na ndiyo maana wengine walirudi.

Agosti 2023 aligundulika ana saratani ya matiti. Alitibiwa hapa Dodoma na Dar es Salaam, akapata nafuu, ikarudi. Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Elisha.

Sasa la Jumamosi. Alifika mtu mzima mwenye gunia la unga begani. Shati la kiume, suruali, kichwa kimenyolewa, sauti ya kike. Jina lake alilitaja, mimi sitalitaja. Akasalimia, akauliza kazi iko wapi. Wanawake jikoni wakaangua kicheko. "Tuambie kwanza, mwenzetu, tukupe kisu cha vitunguu au ukachimbe kaburi na wanaume?" Akaenda kwa wanaume. Mdogo wangu Luka, mjomba wa marehemu, akamfuata na kumwambia mbele za watu, "Wagonjwa wa Emilia hatuwahitaji hapa." Yule akasema, "Nilikuja kufanya kazi tu, mjomba." Akalitua gunia, akatoka.

Nilikuwa nimeketi palepale mkekani. Nimezika wazazi, mume na watoto wawili. Haijawahi kutokea mtu akafukuzwa kwenye msiba wangu, kwa Wagogo ni aibu kubwa kuliko njaa. Na ule unga tuliupika. Tuliusonga jioni ileile, tukaula, tukanawa mikono.

Luka nimezungumza naye. Hakunibishia.

Marehemu ameacha mume, Elisha, watoto, Daudi na Erica, dada yake Anitha, mjomba wake Luka, mimi, na watu aliowasikiliza, ambao baadhi yao wamesimama hapa na hatuwajui.

Kwa hiyo, wakati wa kutupa udongo, mwongozaji wa shughuli hataita makundi: hakuna familia kwanza, majirani baadaye, wafanyakazi wenzake mwisho. Luka atasimama na koleo kando ya kaburi, na kila atakayesogea atapewa udongo. Asiulizwe yeye ni nani wa marehemu. Asicheke mtu. Na kama yule wa Jumamosi yupo, asimame popote apendapo, kwa wanaume kama ni kwa wanaume. Tutampisha.

Mungu amlaze Emilia pema. Yeye apumzike, aibu tumebaki nayo sisi.