Mama Natalia na Mjane Aliyejificha Kwenye Ngano

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Natalia Sulle wa Endasak ametutoka. Alifariki Jumanne, akiwa na miaka themanini na mmoja.

Turudi mwaka 1982. Tambarare ya Hanang ilikuwa ngano tupu, na ngano hiyo ilikuwa ya shamba la serikali. Marko, mume wa Natalia, aliendesha trekta huko. Asubuhi moja Natalia alimpelekea chakula, akakatiza katikati ya ngano. Ilikuwa marufuku. Humo akamkuta mwanamke amechuchumaa na watoto watatu. Aliitwa Udagwenga, mjane wa jamii ya wafugaji wa Kibarbaig. Boma lake lilikuwa limechomwa na walinzi wa shamba siku mbili kabla ili plau ipite.

Mara gari la walinzi likasikika. Natalia alitaka kukimbia, lakini gari lilikuwa karibu mno. Akalala kifudifudi pamoja nao. Gidamis, mtoto mdogo, alikuwa na kikohozi. Natalia akaubana uso wake kifuani. Gari likasimama. Mlango ukafunguliwa. Mlinzi akakojoa pembeni ya njia, akapanda tena, wakaenda zao.

Natalia akawapeleka kanisani, akawaficha sakristia, chumba cha nyuma ya altare. Katekista Ignasi aliogopa kumzidi. Alimkumbusha kwamba nusu ya waumini walipata riziki yao kwenye shamba lile la serikali.

Jumapili ilipofika, mlinzi mmoja, Xavery, alikuwa benchi la pili. Natalia alimwona. Hata hivyo akasimama.

"Nyuma ya ukuta huu kuna mama na watoto watatu," alisema. "Mimi naogopa. Lakini siwezi kuwalisha peke yangu."

Xavery akainuka, akatoka nje. Philomena, binti wa Natalia, anakumbuka maneno ya mama yake. "Aliniinamia akaniambia, 'Tumekwisha, mwanangu.'"

Ndipo mama mmoja mjane, Fransiska, akasema ana chumba. Mwingine akaahidi maziwa. Mwalimu akasema atawaandikisha watoto shule. Jioni ile Udagwenga alilala chini ya paa.

Walinzi hawakuja. Lakini mwisho wa mwezi Marko aliachishwa kazi, bila kuambiwa sababu. Familia ikarudi kwenye jembe la mkono, mahindi na maharage. Natalia hakujua kamwe kama Xavery ndiye aliyewashtaki. Kila gari liliposimama barabarani, aliacha alichoshika, akasikiliza.

Tangu siku ile, baada ya misa, Endasak huulizana ni watu wa nyumba ipi hawakuonekana kanisani. Kisha watu huenda kubisha hodi.

Gidamis sasa ni fundi seremala mjini Mbulu. "Kila nilipomwamkia shikamoo mama," anasema, "aliitikia marahaba, kisha akaniuliza kama nimefunga mlango."

Poleni sana Philomena, Gidamis, na waumini wote wa Endasak. Mungu ampumzishe mama yetu.

Nawe msikilizaji, tafakari. Mama Natalia hakuwa jasiri. Aliogopa miaka arobaini na mitatu, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto mwenye shida aliyebisha mlangoni kwake akakosa kufunguliwa.