Shamsudin Taib na Tangi la Dagoretti Corner

Tarehe thelathini Juni mwaka huu wa 1979, Bwana Shamsudin Taib, fundi wetu mkuu wa matangi, anavua ovaroli baada ya miaka kumi na saba ya kupigana na kutu. Ofisini tumeanza kujiuliza ni nani sasa atakayetusumbua. Maana huyu bwana, jamani, anasumbua!

Alitoka Mombasa mwaka wa 1962 na mkewe, Bi Mabruka, wakapanga nyumba Ngara. Siku ya kwanza kazini alitangaza kwamba atastarehe, kwa kuwa Nairobi haina bahari, na bila chumvi chuma hakina adui. Mvua za kwanza zilimnyamazisha. Maji yaliyotuama ardhini yalikuwa yakiyala matangi yetu ya petroli kimyakimya, na wenzake walimtania mpaka Idi.

Basi akawa mkali. Kila tangi alilipaka lami kwa mkono wake, kisha akaligongagonga kwa nyundo ndogo huku ametega sikio. Kujisifu nako hakuacha. Alituambia lami yake itatuzika sote.

Siku hizo, tangi likishushwa shimoni, mwenye kituo alichinja mbuzi. Mwaka wa 1966 Mzee Gichuru Mungai alifungua kituo chake cha petroli pale Dagoretti Corner, na mbuzi alikuwa mnono kwelikweli. Gichuru ni Mkristo, lakini alitaka kila mfanyakazi ale kwa raha, hivyo akamwomba Shamsudin ndiye achinje. Shamsudin akaliacha shimo akaenda. Nyuma yake wenzake, harufu ya nyama ilipowafikia, walifukia tangi haraka haraka kwa udongo wenye mawe badala ya mchanga safi. Hakuna aliyeona ubaya. Tulikula tukashiba.

Wakati wa masika ya 1974 magari yakaanza kuzimika hovyo Ngong Road, na yote yalikuwa yamejaza petroli kwa Gichuru. Watu wakamwita mwizi, eti anachanganya petroli na maji. Kampuni ikaamua kumnyang'anya kituo, naye mzee wa watu hakuwa na kazi nyingine. Alikuja ofisini kujitetea, akaketi kwenye benchi, kofia mkononi. Mimi niliyekuwa mapokezi nilimwonea huruma hata nikashindwa kupiga taipu.

Shamsudin akasema tangi lifukuliwe. Meneja wetu, Bwana Muthama, akamkumbusha kwamba tangi hilo alilipaka yeye mwenyewe, na kuzikwa kwake kulikuwa jukumu lake. Likikutwa limetoboka, lawama ni yake. Shamsudin akajibu kwamba analijua hilo, wachimbe tu.

Kumbe! Mawe yalikuwa yamekwaruza lami, kutu ikaingilia hapo, tangi likatoboka na maji ya mvua yakapenya ndani. Wenye magari walikuwa wamejaa hapo kumtazama mwizi akiumbuka. Shamsudin alipanda juu ya kifusi, ovaroli imejaa tope, akawaambia wote kwamba Gichuru hana hatia. Mwenye kosa ni fundi aliyeacha kazi yake kwenda kuchinja mbuzi, na fundi huyo ni yeye. Wengine walicheka. Mimi nililia.

Alikaripiwa vikali, na cheo alichokuwa akikitarajia mwaka ule kikampita. Hakununa. Alitunga sheria yake mwenyewe: mbuzi hachinjwi mpaka mchanga ulifunike tangi lote. Mafundi wetu wamelalamika njaa tangu siku hiyo, na Shamsudin hasikii la mtu. Ukuu wa mafundi aliupata baadaye, na sherehe yake ilikuwa ya kelele kuliko harusi.

Gichuru alibaki na kituo chake. Kampuni ilipomwambia achague fundi yeyote wa kuweka tangi jipya, alimtaka Shamsudin, wala hakutaka kusikia jina jingine.

Bwana Shamsudin, asante kwa kelele, kwa majigambo, na kwa kazi safi. Wewe na Bi Mabruka mrudi nyumbani kwa heri, mpate afya, usingizi mnono na majirani wavumilivu. Ungeweza kunyamaza siku ile, na hakuna ambaye angejua. Ulisema, na leo asubuhi Mzee Gichuru amefungua kituo chake kama kawaida, na hakuna anayemwita mwizi.