Shangazi Anataka Mafuta Yatolewe

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililobanwa kati ya gereji ya Grisi na duka la Mama Marashi, kwa hiyo kahawa tunainywa tundu moja la pua likinusa injini, jingine waridi. Asubuhi hiyo hata hatujamaliza kikombe cha kwanza, Mama Marashi akatoka dukani na kichupa mkononi, uso umemkunjamana. Nyuma yake alikuwa shangazi wa bibi harusi mmoja wa mtaani.

— Nuseni, akatuambia. Nuseni mseme kama nimerukwa na akili. Harusi ni kesho, huyu anasema manukato yananuka!

— Yananuka mafuta, akasema shangazi. Tuliagiza maua, hatukuagiza gereji.

Grisi akanusa, akafumba jicho moja.

— Mafuta yapo. Lakini siyo ya gereji, dada yangu. Ya gereji mimi naoga nayo kila siku. Haya ni ya cherehani.

— Cherehani wapi! akadakia Profesa, tuliyempa jina hilo kwa sababu anajua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Wanakusanya mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, wanayachuja usiku, wanayatia kwenye vichupa.

— Nani anakusanya? Nimechanganya mwenyewe, kwa mikono hii!

— Ndiyo ujue siri ni nzito. Hata wewe hawajakuambia.

Mama Marashi akashika kichwa.

— Jamani, humo hakuna mafuta ya kupikia wala ya mashine. Kuna vitu kadhaa, na kila kimoja peke yake hakina harufu ya mafuta. Vikikutana ndipo pua inasema: mafuta. Harufu kama ya ngozi yenye joto, ya nywele zilizopakwa mafuta. Hicho ndicho kinachoipa harufu ya waridi mwili. Bila hicho, harufu inaishia mlangoni, na bibi harusi ananukia sabuni.

— Kama hayamo na yananuka, akasema Profesa, hayo ni mazingaombwe.

— Bwana harusi atateleza, akaongeza Grisi.

— Grisi, nitakumwagia hiyo kahawa!

— Mimi sitaki mwili, akasema shangazi. Toa hayo mafuta, uniachie waridi.

— Hayatoki, mama! Chumvi ikishaingia kwenye mchuzi utaitoa na nini? Labda nianze upya, na muda sina.

Nikataka kuwasuluhisha, lakini wote wanne walikuwa wakisema kwa pamoja. Hapo akaja bibi harusi mwenyewe, mbio mbio kutoka kwa msusi, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama. Alikuwa akimtafuta shangazi yake. Akakiona kichupa, akajipaka kidogo kwenye kiganja, akanusa. Akanusa tena, safari hii polepole.

— Kama kichwa cha mama, akasema. Nikilala begani kwake.

Mama yake hayupo tena, tulimzika sote.

— Shangazi, akauliza bila hasira, nani alikwambia mimi sitaipenda harufu hii?

Shangazi akamtazama Mama Marashi. Mama Marashi akanitazama mimi, nami nikamgeukia Profesa, naye akainama kufunga kamba za kiatu kisicho na kamba.

Msichana akafunga kizibo, akaondoka na kichupa chake. Shangazi alibaki amesimama palepale, mpaka Grisi aliposogea kumpisha kwenye benchi.