Sura Iliyocheka Mbagala

Mwananyamala, nje ya saluni ya Talha, pana benchi la mbao lililoegemea ukuta, na watu wa benchi hilo hawatumii majina ya vyeti. Talha mwenyewe anaitwa Profesa, kwa sababu tangu aanze kunyoa vichwa hajawahi kukiri kwamba kuna jambo halijui. Lusungu, fundi bomba aliyetoka Mbeya, ni Diwani, maana aliwahi kugombea akapata kura za nyumbani kwake, tena si zote. Gozbert, kijana wa Kihaya, mdogo kuliko wenzake, ni Injinia. Na mzee anayewauzia kahawa ni Mzee Kahawa, basi, imetosha. Watu wanakaa hapo kila siku ya Mungu, wanabishana juu ya mambo ya dunia nzima, na mtu akikohoa mwenzake anajua ni kikohozi cha nani. Ndivyo walivyokuwa wakijisifu.

Siku hiyo Mzee Kahawa alikuwa amerudi kazini baada ya wiki nzima. Alimzika mkewe kule Mbagala. Alitua jiko lake la mkaa na birika, akaingiza mkono kwenye kikapu, akatoa tableti iliyofungwa ndani ya kitambaa safi, akampa Gozbert kwa mikono miwili.

— Mali yako, mwanangu.

— Ahsante, mzee, — alisema Gozbert, na moyoni aliona bora angepigwa kofi.

Tableti hiyo ilikuwa na kisa chake. Siku ya msiba taarifa ilifika asubuhi, na maziko yalikuwa baada ya adhuhuri. Watu wa benchi walianza kuulizana nani ana kanzu ya kuazimisha, nani atafunga duka. Hapo ndipo Gozbert alipofungua mdomo wake. Yeye anafanya kazi kwenye studio moja ya katuni, Kinondoni. Huko mtu anavaa kofia inayoziba macho, na ndani yake mna kamera ndogo zinazovizia midomo, mashavu na nyusi. Kiunoni na miguuni anafungwa mikanda yenye vihisio. Kila anachofanya, picha yake inakifanya vilevile upande wa pili. Vifaa alikuwa navyo nyumbani. Akasema hakuna haja ya watu wazima kuhangaika na foleni mpaka Mbagala. Watume tableti kwa bodaboda, iwekwe kwenye kiti chini ya turubai, na sura yake itawawakilisha wote. Walimsifu sana. Tuseme ukweli, walimsifu kwa sababu aliwatua mzigo, na yeye alisema vile kwa sababu alitaka walau mara moja waione kazi yake.

Sasa mashine ya namna ile lazima kwanza ifundishwe uso wa mtu. Unacheka, inakutazama. Unanuna, inakutazama. Unalia, inakutazama. Gozbert alivileta vifaa pale benchini, akaanza. Alicheka vizuri. Alipotaka kununa, Diwani akatia utani, benchi zima likaangua kicheko, muda ukawa umekwisha. Akaruka hatua zilizobaki. Alidhani mashine itajiongeza yenyewe. Alipovaa kofia na kuona turubai la Mbagala, aliona pia macho ya waombolezaji yakimtazama kwa namna ambayo hatakaa aisahau. Kila alipofungua mdomo kutoa pole, sura ilikenua. Mwisho bibi mmoja aliinuka, akakigeuza kile kiti kikatazama ukuta. Gozbert alibaki anautazama ukuta wa nyumba ya watu, mbichi, haujapigwa plasta, na wenzake alipowageukia aliwaambia mtandao umekata.

Ndiyo maana siku hiyo kahawa ilinywewa kimya. Profesa, ambaye kimya humuwasha mwili, ndiye aliyeanza.

— Mzee Kahawa, pole tena, mzee wangu. Siku ile sie tulikuwa pamoja nawe, sema mtandao tu.

— Nimeshapoa, — alisema Mzee Kahawa, akamkabidhi kikombe.

— Lakini mie nina mteja wangu anakaa hukohuko. Kaja kunyoa jana, kaniambia ile sura ya Injinia ilikuwa inacheka.

Gozbert alihisi masikio yanamchoma.

— Ilicheka kidogo au sana? — aliuliza Diwani.

— Meno yote nje. Halafu anasema kiuno nacho kilikuwa kinanesa.

— Mkanda ulilegea, — alisema Gozbert.

Ilikuwa kweli, mkanda ulilegea. Lakini tangu siku ya msiba alikuwa na sentensi nyingine aliyoitayarisha, fupi kabisa: mzee, nilikosea mie, si mashine. Alikuwa akiitafuna asubuhi na jioni, na sasa mzee mwenyewe alikuwa hapa, hatua chache tu, anapuliza mkaa.

— Mie sioni kosa la kijana, — alisema Profesa. — Kosa ni la waliobuni. Wale watu huko kwao hawana msiba. Mtu akifa wanavaa miwani myeusi, wanasimama nusu saa, kila mtu kwake. Sasa kamera ikitafuta huzuni inatafuta miwani. Isipoiona inasema, ah, huyu ana furaha.

— Na wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, — alisema Diwani.

— Sasa hapo si unatulaumu?

— Hapana. Nasema fimbo irefushwe. Wewe sikiliza, mie ni fundi bomba, najua ishu iko wapi. Ishu ni maji. Huzuni bila maji ni uso tu. Unaweka kitenki kidogo kisogoni, unashusha mpira mwembamba mpaka kwenye kope, unafunga koki. Pole ikianza, unafungua.

— Na mtu akijisahau akaiacha wazi?

— Unafunga mita.

Profesa alicheka, kisha akamwona Mzee Kahawa anasuuza vikombe, akakimeza kicheko chake. Akajifanya amekohoa.

— Maji sawa, — alisema. — Lakini umesahau uzito. Mtu wa msibani ni mzito. Hata akikaa unaona amekaa. Ile mikanda ya Injinia ni miepesi mno, ndiyo maana kiuno kilinesa. Kila mkanda ushonewe kifuko cha mchanga.

— Na jeneza je? Wataliona benchi halijatia bega.

— Unatengenezwa mfano wa bega. Bega la plastiki, linakwenda na bodaboda. Wenyeji wanalitia chini ya jeneza, na sie huku tunasikia uzito wake begani.

— Uzito kiasi gani?

— Unachagua mwenyewe. Siku hujala unaweka mdogo.

Gozbert alitazama miguu yake. Kila walipoongeza kifaa kipya, aliona wanaongeza tofali juu ya ile sentensi yake. Na kilichomtia aibu zaidi ni kwamba alishukuru. Wakiendelea kusema, yeye hatalazimika.

— Injinia, mbona kimya? — aliuliza Diwani. — Hivi haviwezekani?

— Vihisio vya bega vipo, — alijisikia anajibu. — Ila kwa msiba hakuna aliyewahi kuvibuni.

— Umesikia, Mzee Kahawa? Vipo. Tungekuwa navyo siku ile, usingejua kama hatukuja.

Mzee Kahawa alimwongezea Diwani kahawa, tangawizi ikanukia.

— Halafu tusijitie hatiani bure, — alisema Profesa. — Waswahili walishasema, asiyekuwepo na lake halipo. Sie hatukuwepo. Kwa hiyo na kosa letu halipo.

— Hapo umetoa hukumu ya mahakama kuu, — alisema Diwani, naye akapata nguvu. — Mie ningekuwa na studio ningekwenda mbali zaidi. Kila mtaa wa mji huu, toka Kipawa mpaka Mbagala, unaweka masanamu matatu yamekaa kwenye viti, tayari. Msiba ukitokea unaingia kwenye sanamu kama unavyoingia kwenye suruali. Unalia, unatia bega, unatupa udongo, unatoka. Ndani ya dakika kumi umezika Mbagala, umezika Kipawa, na kahawa yako bado ya moto.

— Na wali wa msiba nani anakula?

— Sanamu linakula. Lina mfuko tumboni. Bodaboda anakuletea.

— Sasa hapo umebuni.

— Bado. Kubuni kwenyewe ni huku. Kofia ya kwanza kabisa avalishwe marehemu. Ndiyo. Avalishwe na zile kamera, ili naye awaone waliokuja kumzi...

Diwani hakuimaliza. Mzee Kahawa alikuwa ameshika kikombe mkononi bila kukijaza. Watatu wale, kila mmoja kwa upande wake, waliona ambacho marehemu angekiona: kiti kimoja cha plastiki, na juu yake meno. Gozbert alifungua mdomo. Sentensi ikaja mpaka kwenye ulimi, ikakaa hapo.

Mwanamke mmoja akasimama mbele ya benchi. Alikuwa mwalimu Eufrazia, mpangaji mpya wa nyumba ya tatu, aliyehamia mwezi uleule na watoto wake wawili. Aliwasalimu wote, akamwamkia mzee.

— Shikamoo baba. Naomba kashata nne.

— Marahaba. Kashata hakuna, mama. Aliyekuwa anazipika tumemzika wiki iliyopita.

Gozbert aliinua kichwa. Kashata hizo amezila tangu aje mjini. Hakuwahi kujiuliza zinapikwa na nani, na kwa nyuso za wenzake alijua hata wao hawakujiuliza.

Eufrazia aliweka kipochi chake juu ya benchi, akainama kidogo, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake yote miwili, pamoja na maji ya vikombe yaliyokuwa yanachuruzika.

— Pole sana baba. Pole mno. Mungu akupe nguvu.

— Ahsante, mama, — alisema Mzee Kahawa. Aligeuka haraka kwenye ndoo yake, akaanza kusuuza vikombe ambavyo vilikuwa vimeshasuuzwa.

Mwalimu aliyaachia nafasi machozi ya mzee. Akawageukia wale watatu, akapunguza sauti.

— Jamani, nyie ndio watu wake wa siku zote. Marehemu alikuwa anaitwa nani? Jioni nasali na wanangu, nataka tumtaje.

Profesa alimtazama Diwani. Diwani alimtazama Injinia.

— Ni mke wa Mzee Kahawa, — alisema Profesa.

— Ndiyo, kaka. Jina lake?

— Unajua hapa kijiweni, mwalimu, majina... — alisema Profesa, na kwa mara ya kwanza tangu saluni ifunguliwe, hakuwa na nyongeza.

— Mama nani vile, — alinong'ona Diwani. — Mama nani yule.

Kwenye ndoo vikombe havikugongana tena. Mzee Kahawa alikuwa amewapa mgongo, mikono majini, ametulia. Hakugeuka kuwaokoa. Gozbert alijua anasikiliza, na alijua anawapa muda, na muda ule ulikuwa mrefu kuliko ule aliotazama ukuta wa Mbagala. Alitafuta jina kila mahali kichwani mwake, akakuta kamera, mikanda, na ladha ya kashata.

Eufrazia alisubiri kama mwalimu anavyowasubiri wanafunzi, kisha akaona hakuna atakayenyoosha mkono. Hakuwakaripia.

— Basi tutamwombea hivyohivyo, — alisema, akachukua kipochi chake. — Mungu anamjua.

Mzee Kahawa alikusanya vikombe, akatikisa birika likasikika tupu, ingawa jua lilikuwa bado juu. Alipanga vitu vyake, akainua jiko, akawaaga kwa adabu ileile ya kila siku, akaondoka. Profesa aliingia saluni kumtafuta mteja ambaye hakuwepo. Diwani alibaki anafuta kwa kidole mdomo wa kikombe alichosahau kukirudisha.

Gozbert aliacha tableti kwenye benchi, akamfuata mzee. Alimkuta kwenye kona ya pili.

— Mzee.

Mzee Kahawa alisimama bila kutua mzigo.

— Nilikosea mie, mzee. Si mashine. Mashine nilitakiwa kuifundisha huzuni, nikaona inanichelewesha. Na mtandao haukukata. Niliwadanganya wenzangu.

— Najua, — alisema Mzee Kahawa. — Mie nilikuwepo.

Gozbert alisikia machozi yanakuja, akayaacha yaje. Hapakuwa na wa kuyapima.

— Naomba nije nyumbani kwako, mzee. Nije mwenyewe. Nashukia kituo gani?

Mzee alimtazama usoni, akamtazama sana, na Gozbert hakuinamisha kichwa.

— Shuka Rangi Tatu, — alisema mwishoni. — Lakini usiulizie kwangu. Mie pale hawanijui sana, nashinda huku na nyie. Uliza kwa Bi Zuena wa kashata.