Mungu Alinichomelea Mgongo Bila Moto

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na kama hujamsifu leo, anza sasa ndio tuendelee. Mchungaji ameniomba niandike yale niliyosimulia kanisani, maana siku ile nilipewa dakika chache nikachukua ibada nzima. Naandika vile ninavyoongea. Shule niliiacha darasa la tano, na sijaona kitu ilinipunguzia.

Nianze na hili: mimi ni mtu ambaye hakuna kitu kingenishangaza. Kikiwa cha chuma, ndiyo kabisa. Nimekaa Salgaa tangu ujana, pale malori yanapolala. Nimeona chasisi imekunjika kama chapati. Nimeona tela imepasuka katikati na dereva wake ametoka akiuliza chai iko wapi. Zote nilizinyoosha kwa mikono hii. Nilitoka Keringet na suruali moja, nikaanza kwa kufagia vipande vya chuma kwa gereji ya mtu mwingine. Leo gereji ni yangu, ploti ni yangu, na geti la kanisa hili mnalopitia kila Jumapili ni kazi yangu. Lisukumeni muone. Halilii.

Madereva walinibandika jina Jeki. Pale mafundi wengine walipotafuta jeki, mimi niliweka mgongo. Ikawa ni desturi ya gereji yangu: dereva mgeni akileta lori, vijana wanamwambia, boss, weka soda ya watu wote, mzee atainua mlango wa nyuma peke yake. Ule mlango wa bodi ya lori unataka wanaume wanne. Mimi niliushika, nikaukalisha kwa bawaba zake, na soda zikanywewa. Sikuwahi kushindwa. Nasema ukweli mbele za Mungu, sikuwahi.

Siku moja ikaja lori ya viazi ambayo mwenyewe alikuwa ameongeza bamba la pili ndani ya mlango, na hakuniambia. Niliuinua. Ulipofika kifuani, kitu kikasema ta! ndani ya kiuno changu, kama bolti iliyokatika. Niliukalisha mlango, siwezi kudanganya, niliukalisha. Lakini ile soda niliinywa nikiwa nimesimama, kwa sababu kuketi sikuweza.

Ndugu zangu, hapo ndipo mateso yalipoanza. Maumivu yalitoka kiunoni yakashuka mguu wa kushoto kama stima. Nilipakwa mafuta ya kila aina. Mzee mmoja wa kukanda aliletwa kutoka Olenguruone, akanikanda mpaka nikamwambia mimi si ngozi ya ng'ombe. Nililala kwa mbao badala ya godoro. Mke wangu, Mama Cheruto, alinifunga kamba za viatu kila asubuhi. Na madereva hawana huruma. Mmoja akapita akisema Jeki imeisha oili. Mwingine akasema siku hizi Jeki inatafutiwa jeki. Nilicheka nao, kisha nikaenda nyuma ya gereji nikashika ukuta.

Bado sikuogopa. Niliogopa siku ile nilikuwa nachomelea bampa, nikasikia harufu ya nyama choma. Nikatoa miwani nikauliza ni nani anachoma nyama na hajaniita. Fundi mwenzangu Otieno akaninyoshea kidole mguuni. Cheche ilikuwa imeingia ndani ya kiatu changu, imetoboa soksi, imekaa kwa ngozi, na mimi sina habari. Mguu wangu ulikuwa unaungua na mwenyewe nikaupata kwa pua! Hapo nilijua mguu umeanza kufa.

Tukaenda hospitali Nakuru. Daktari wa mifupa alikuwa mama mmoja mdogo kwangu kwa umri, mpole, anayekuangalia mpaka umalize maneno yako yote. Baada ya picha alinieleza kwamba pingili moja ya mgongo imeteleza mbele, diski ya katikati imepondeka, na mshipa wa fahamu unaoenda mguuni umebanwa hapo. Dawa yake ni kuondoa ile diski, kuweka kipande cha kushikilia nafasi, na kufunga kwa skrubu na vyuma viwili vyembamba mpaka hizo pingili ziwe mfupa mmoja. Nikamwambia hiyo ni weldi, hiyo naijua. Akacheka akasema karibu hivyo. Lakini akaniambia pia nisikawie. Mshipa ukibanwa muda mrefu unaweza usirudi tena, na mtu anaweza kupoteza mguu, hata kushindwa kuzuia mkojo.

Kisha akaweka hicho kipande mezani. Walikiita keji. Hakikupita ukubwa wa dole gumba langu. Nilikishika kwa mikono inayojua chuma, nikakigeuza. Juu chuma, chini chuma, katikati plastiki iliyo wazi ndani. Na kile chuma kilikuwa kimejaa matundu, kama yale mawe mepesi ya mlima Menengai tunayosugulia visigino.

Ndugu zangu, labda nyinyi hamjui vile fundi anavyoona tundu. Weldi yenye matundu ni weldi iliyooza. Maji yanaingia, kutu inakula, na siku moja tela inaachia pale kwa ule mteremko wetu, na mnajua kinachofuata. Kijana wangu akiniletea weldi yenye matundu namkatia yote kwa grainda aanze upya. Na plastiki kukaa na chuma? Hiyo hata sikutaka kuizungumzia. Nilimuuliza daktari alinunua wapi, nikamwambia wamemuuzia ya kutupwa. Alijaribu kunieleza kwamba ilitengenezwa hivyo kwa makusudi. Sikumsikiliza.

Nilirudi Salgaa nikatafuta kipande cha stenlesi, ile isiyoshika kutu. Nikakikata kwa kipimo cha ile keji, nilikuwa nimekishika kwa macho. Nikapiga grainda, nikapiga msasa mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Hakuna tundu hata moja. Nikakifunga kwa kitambaa safi, nikarudi Nakuru, nikakiweka mbele ya daktari nikamwambia aniwekee hicho.

Hakucheka. Alikipima kwa mkono, akakiinua kwa dirisha, akakirudisha kwa kitambaa chake.

"Mzee, kazi ni safi," alisema. "Lakini hii weka kwa geti. Mgongo niachie mimi."

Akanieleza polepole. Chuma kizima ni kigumu kuliko mfupa. Kikikaa kati ya pingili kinaweza kudidimia ndani kama mguu wa stuli kwa matope. Tena kinabeba mzigo wote, na mfupa usiobeba kitu unakuwa mvivu na kudhoofika. Ile plastiki si ya beseni. Ni ya kuwekwa mwilini, inalegea kidogo kama mfupa wenyewe, na eksirei inapita ndani yake ili waone kinachoendelea. Na matundu yameachwa ili mfupa uote na kuingia humo. Chuma changu kinapendeza, akasema, lakini mfupa hauna mahali pa kukishika.

Nilisimama kwa bakora yangu nikamwambia kwamba tangu nizaliwe hakuna mtu amenifunza chuma. Nikatoka. Mama Cheruto alibaki nyuma akaniombea msamaha. Hiyo ni kazi yake ya siku nyingi.

Nikakaa nyumbani. Kuna ndugu mmoja hapa hapa kanisani, simtaji, yeye anajijua, akaniambia nimefanya vizuri, kwamba mtu wa imani hajazi vyuma mwilini. Nilimshukuru, lakini mguu haukumshukuru. Ulikonda. Nikaanza kuuburuta. Nikaketi kwa stuli gerejini nikionyesha kazi kwa bakora, mimi niliyekuwa nainua milango ya malori. Hata kanisani niliacha kuja, na sasa nawaambia sababu: ile ngazi moja ya mlangoni nilikuwa nimeshindwa kuipanda. Niliogopa mngeniona nikibebwa kupita kwa geti langu mwenyewe. Nikaomba. Sikuomba kwa maneno mengi. Nilisema, Bwana, chuma ndicho kitu pekee ninachojua, na sasa hata hicho kinanichanganya. Nionyeshe.

Na alinionyesha, ndugu zangu, kwa mfereji nyuma ya nyumba yangu.

Mama Cheruto kwao ni chini ya Menengai, na akienda kuwasalimia hurudi na yale mawe mepesi ya kusugulia miguu. Moja lilikuwa limesahaulika pale kwa mfereji tangu mvua ianze. Asubuhi hiyo alikuja kuniosha mguu, maana kuinama sikuweza. Alipookota lile jiwe, lilikuwa limeota nyasi juu. Akajaribu kuing'oa, ikakataa. Akanipa.

"Baba Cheruto, si wewe ni Jeki? Toa hii nyasi."

Nikavuta. Majani yakakatika, mizizi ikabaki. Nikaitisha koleo, nikabana mzizi, nikavuta kwa nguvu zangu zote za mikono, ambazo hazikuwa zimeenda popote. Mzizi ukakatika, na kipande kilichobaki kikabaki ndani. Nikalipiga jiwe kwa nyundo. Lilipopasuka niliona mizizi myeupe, myembamba kama uzi, imepita kila tundu, ikaingia huku ikatokea kule, ikashikana yenyewe kwa yenyewe. Jiwe na nyasi vilikuwa kitu kimoja.

Mke wangu aliingia ndani akatoka na ile stenlesi yangu. Nilikuwa nimeiweka dirishani nikiiangalia. Akaniwekea kiganjani, laini, inang'aa.

"Na hii," akaniuliza, "ni nini kitaishika?"

Nami nilinyamaza. Mnaonijua mnajua kwamba hiyo peke yake ni muujiza. Nilikaa pale na mguu ndani ya beseni, nikaelewa kwamba mimi nilitaka kuunga kazi yangu na kuifunga isiingie kitu. Mungu yeye alitaka aachiwe nafasi aingie. Nililia, ndugu zangu. Nilimwambia mke wangu ni sabuni.

Tukarudi Nakuru. Nilimwambia daktari aniwekee ile ya matundu.

"Ile ya kutupwa?" akauliza.

Nikamwambia hiyo hiyo, mama, na unisamehe. Mchungaji alikuja akaniwekea mikono kabla ya kuingizwa ndani. Sikuomba mikono yake iwe badala ya kisu. Nilimwomba Bwana ashike mkono wa yule mama anayeshika kisu. Kisha nikalala.

Nilipoamka, kiuno kiliuma kama kimekanyagwa na lori. Lakini nilimwita sista nikamwambia afunike mguu wa kushoto, unasikia baridi. Alipoufunika ndipo nilipogutuka na maneno niliyosema. Mguu unasikia baridi! Ule mguu uliokuwa unaungua bila kujua sasa unasikia baridi ya Nakuru! Nilimsifu Mungu kwa sauti mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniomba nimsifu polepole.

Sitawadanganya kwamba niliruka siku hiyo. Nilifunzwa kutembea kama mtoto, nikavaa mkanda, nikakaa miezi nikifuata masharti, mimi nisiyewahi kufuata ya mtu. Kisha siku ya eksirei ikafika, na daktari akaniita niangalie picha. Vile vyuma vya keji, cha juu na cha chini, vilionekana vyeupe. Plastiki haikuonekana, ilikuwa kama dirisha. Na kupitia dirisha hilo niliona kitu kama wingu jeupe kimetoka pingili ya chini kikapanda mpaka ya juu, kikashika. Daktari akasema huo ni mfupa, mpya, ni wangu.

Ndugu zangu, nimechomelea kwa moto na miwani myeusi maisha yangu yote. Sijawahi kuona weldi inayojichomelea yenyewe. Hakukuwa na stima wala rodi ya kuchomelea. Mungu alitumia damu, na maziwa, na ugali wa Mama Cheruto, akaunganisha mgongo wangu gizani, na mimi nimelala. Nilisema hakuna kitu kingenishangaza. Nilishangaa mpaka nikaketi, na nikashangaa tena kwamba nimeketi bila kuumia.

Leo ngazi ya kanisa naipanda bila bakora, mmeniona. Daktari amenikataza kuinua mizigo, kwa hivyo milango ya malori sasa inainuliwa kwa jeki ya duka. Madereva bado wananiita Jeki, na wakitaka soda wanajinunulia. Na kazi? Kati ya Salgaa na Nakuru mjini hamtapata fundi kunishinda. Ukombozi haukuniondolea hilo.

Basi wewe unayesoma hapa ukiwa umelala kwa mbao, wewe unayeburuta mguu ukisema ni uchovu tu, nenda hospitali, na uende na Mungu wako. Usimfungie nje hata kama kile anachoshika mkononi hukielewi. Mwachie nafasi, hata iwe ndogo kama tundu la jiwe la Menengai. Ataingia, atashika, na hakuna koleo litamtoa.

Wengi mmeniuliza ilinigharimu ngapi. Sikuitisha mchango, mnajua. Bima ililipa yake, niliuza pikapu, na mfuko wangu ukatoa shilingi laki saba, elfu thelathini na nne, mia mbili na hamsini. Hiyo hamsini ya mwisho ni ya msasa wa ile stenlesi.