Maisha ya Mzee Maswali, Afisa wa Banda la Mpakani

Ndugu wafiwa, majirani, na nyote mliokuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, bintiye wa kwanza, niwasomee safari ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Maswali.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa mpeperusha bendera wa treni na mkunga, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia 1959 hadi 1966, kisha sekondari hadi 1970, ambako walimu walimsifu kwa hesabu na kumlalamikia kwa ubishi.

Mwaka 1974 aliajiriwa idara ya uhamiaji, akapangiwa kituo cha mpakani, kazi yake kuwahoji wakimbizi waliopokewa katika banda la mabati, na huko alijifunza kutomwamini mtu upesi, maana mwaka wake wa kwanza alimwonea huruma kijana aliyejiita yatima, kumbe godoro lake lilikuwa limeshonewa risasi.

Tarehe 9 Desemba 1978 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, ambaye siku ya posa, alipoona anaulizwa jambo lile lile kwa njia tofauti, alimkatiza, "Kwani wewe umekuja kuposa au kunihoji?" Walijaliwa watoto wanne, na sote tulikua tukijua kwamba anayechelewa kurudi nyumbani aje na maelezo yasiyopingana.

Agosti 1996 bomu lililipuka sokoni, na kabla moshi haujatulia amri ikashuka kwamba wote waliomo bandani warudishwe walikotoka bila kuhojiwa. Kila mtu alidhani baba, kwa jinsi alivyokuwa na shaka na kila kiumbe, angeshangilia, lakini alimwambia mkuu wake, "Bosi, mimi hawa nawashuku mmoja mmoja, na kila mmoja nampa nafasi ya kunijibu. Kuwashuku wote kwa mpigo si ulinzi, ni uvivu." Akawahoji juma zima, wawili akawakabidhi polisi, waliobaki akawapitisha, na kabla mwezi haujaisha akahamishiwa ghala la sare, huku mtaani wakinong'ona kuwa amenunuliwa. Hakujitetea, ila tangu hapo kila asubuhi alisoma kwanza habari za uhalifu, akiogopa kukuta sura ya mtu aliyempitisha yeye, na hofu hiyo alistaafu nayo mwaka 2006.

Februari 2019 alianza kuugua figo, akatibiwa hospitali ya wilaya, ambako hakumeza kidonge mpaka muuguzi aeleze ni cha nini, akafariki Jumatano tarehe 2 Juni 2021, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama. Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, majirani, hata mlionong'ona, na wenzake wa kazini. Tunawashukuru pia wazee wawili walioketi nyuma kabisa, waliofika jana, wakachimba kaburi pamoja na vijana wetu na kukataa kusema wametoka wapi. Mjomba anasema ni wapelelezi, mama anasema ni watu wa bandani. Baba angewahoji. Sisi tunawaambia karibuni, msiondoke kabla ya kula.

Pumzika, baba, zamu yako imekwisha.