Kasika Augustine na Bei ya Mazutu

Padri wetu, wakwe zetu wa milimani, ndugu wa Lubero na Butembo mnaoishi hapa Masisi, madereva, majirani, nyote mliofika licha ya barabara jinsi ilivyo, familia inawasalimu.

Mimi ni Kaswera, dada yake marehemu anayemfuata kuzaliwa, na nimetumwa nisome maisha yake kwa sababu kaka zetu wakubwa wamekwama upande wa pili wa mapigano, hawakupata njia ya kupita, na mama yetu Kavira, aliyemzaa, anatusikiliza kwa simu kutoka Musienene, simu hiyo ameishika Trésor, mtoto wa kwanza wa marehemu, hapa pembeni yangu, basi mtandao ukikatika naomba mnivumilie, nitanyamaza mpaka urudi, maana hatuwezi kusoma habari za mtoto wake naye yuko nje ya mlango.

Marehemu Kasika Augustine alizaliwa tarehe 14 Aprili 1979, karibu na Musienene, wilayani Lubero, mtoto wa nne wa Papa Sylvain, aliyekuwa mnunuzi wa kahawa, na Mama Kavira, akabatizwa mwaka huohuo katika parokia ya nyumbani, na mama anasema alikuwa mtoto wa kulala kidogo, sauti ya gari ikipita barabarani anafungua macho.

Alianza shule ya msingi mwezi wa Septemba 1985, akaimaliza mwaka 1991, akapelekwa Butembo kusomea ufundi wa magari, lakini hakufika mwisho, kwa kuwa mwaka 1996 vita vilifunga shule akiwa darasa la sita la sekondari, na zilipofunguliwa papa yetu alikuwa amekwisha kufariki, pesa ya shule haikuwapo, akaingia gereji kutengeneza kamio za watu, malori ya mizigo, huko akajifunza kuendesha, na mwaka 2000 akapata permi yake ya udereva.

Aliendesha kamio za matajiri kati ya Butembo na Goma hadi mwaka 2006, alipohamia hapa Masisi-centre, akaanza kupeleka maharagwe na fromaji, jibini ya huku, hadi Walikale na kurudi na mafuta ya mawese na mchele, na tarehe 3 Machi 2014 akanunua Fuso yake mwenyewe, iliyokuwa imekwisha kuzeeka kwa mtu mwingine, na tangu siku ile, ndugu zangu, kaka yangu hakuwa tena na bosi, bali bosi wake akawa ile dizeli tunayoiita mazutu.

Nasema hivyo kwa sababu nyinyi madereva mnajua, na wengine wenu pengine hamjui, kwamba mwenye kamio moja hapangi bei ya chochote, mwenye maharagwe anataja bei yake, kituo cha mazutu kinataja bei yake na ushuru umekwisha kuwa ndani, kila barieri, kizuizi cha barabarani, inataja yake, na tope la Nyabiondo likiikamata kamio siku mbili injini inakula mazutu bila magurudumu kusogea, ukiishiwa unanunua kwa makadafi, wale wauzaji wa bidoni, madumu ya mazutu, pembeni ya barabara, na huko kuelekea Walikale bei yao haikuhurumii, kwa hiyo aliondoka nyumbani akihesabu na kurudi akihesabu, hata mezani ungemwona kijiko kimesimama hewani, ukajua yuko kwenye kilima fulani.

Tarehe 16 Agosti 2008 alifunga ndoa takatifu na Mama Isimbi, binti wa wafugaji wa huku juu, na haikuwa ndoa nyepesi, kwao walinung'unika na kwetu tulinung'unika, maana nyakati zilikuwa mbaya na kila upande uliogopa mwenzake, lakini wao wawili walingoja bila kugombana na mtu, mpaka ng'ombe wakatolewa na mama yetu akapanda gari kutoka Musienene kuja kucheza kwenye sherehe, na Mungu akawapa watoto watatu, Trésor aliyezaliwa mwaka 2009, Cindy mwaka 2012 na Archange mwaka 2017.

Sasa nitasoma jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa akiwasimulia madereva vijana, na mwenye kuhusika yuko hapa na ametupa ruhusa.

Miaka mitano ya kwanza ya Fuso alikuwa na desturi ya kuzima injini kwenye miteremko na kuiacha kamio ishuke kwa uzito wake, ili kuchunga mazutu isiishe, na wengi walifanya hivyo, lakini injini ikizimwa breki za kamio hazipati hewa, na usukani unakuwa mzito kama jiwe, Mama Isimbi alijua hayo na kila safari alimwomba, akamwambia, "Papa Trésor, mazutu banaiuzishaka, lakini weye habakuuzishake fasi yoyote," naye alijibu kwamba atashuka polepole, kisha anakwenda, na mama huyu anabaki anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Siku ya Alhamisi, tarehe 11 Julai 2019, alikuwa anashuka kutoka Mushaki kwenda Sake, amejaza maharagwe, injini imezimwa, na mbele yake wanawake walikuwa wanapanda na bidoni zao wakitoka kuuza maziwa, akakanyaga breki mara ya kwanza ikashika, mara ya pili ikashika kidogo, mara ya tatu mguu ukaenda mpaka chini, akajaribu kuwasha injini ikakataa, akapiga honi na kupiga kelele kwa dirisha, na alipoona barabara haitoshi kwa kamio na watu, aliusukuma usukani kwa mwili wote akaitupa Fuso kwenye ukingo wa mlima, ikasimama hapo imelala ubavu, magunia yakamwagika, na gunia moja likamwangukia mmoja wao, Mama Mukabaranga, ndiye aliyetupa ruhusa, na kumvunja mguu.

Hakuna aliyekufa siku ile, Mungu asifiwe, lakini kaka alipomfikia yule mama chini, hajui aanze kumwinua wapi, mama huyo alimtazama akamwuliza bila kupaza sauti, "Papa, miye niko na batoto ine ku nyumba, sasa ile mazutu umechunga leo iko ya bei gani?" na kaka yangu akambeba mgongoni mpaka kwenye gari iliyowapeleka hospitali, akamlipia matibabu, na kwa miezi yote ambayo mama huyu hakuweza kutembea, ni Augustine aliyepeleka maziwa yake sokoni.

Tangu hapo hakuzima injini mlimani tena, lakini mazutu haikushuka bei eti kwa kuwa yeye ameokoka, safari nyingine alirudi na deni badala ya faida, usingizi ukapotea, akaanza kusema peke yake, mpaka mwaka 2021 yeye na rafiki zake wawili, Papa Narcisse na Papa Jean-Luc, wakaanzisha likelemba ya mazutu, yaani badala ya kila mtu kununua bidoni bidoni njiani, watatu hao walichangia pipa zima kwa bei ya jumla huko Goma, na kila safari pipa lilimwendea mmoja wao kwa zamu, nyumba zao tatu zikapumua, Cindy, aliyekuwa amekosa pesa ya shule, akarudi shuleni, na tukamsikia kaka akipiga mluzi asubuhi anapopima oili.

Kisha vita vikaigawa barabara, hayo mnayajua wote, na mazutu ikaanza kutozwa kodi upande huu na kutozwa tena upande ule, na mabaya zaidi ni kwamba karatasi ya kodi ya upande huu ilikuwa hatia ukionekana nayo upande ule, basi dereva alilipa, akaichana karatasi kabla ya kuvuka, na akirudi anaulizwa karatasi iko wapi, na kila wiki sisi nyumbani tulikaa na simu mkononi, ikilia tunaogopa, isipolia tunaogopa zaidi.

Tarehe 9 Septemba 2025, mbele ya Nyabiondo, alisimamishwa na watu wenye silaha wakalikuta pipa la likelemba nyuma ya maharagwe, mkubwa wa barieri akamwuliza, "Unapelekea nani hii mazutu?" naye akajibu, "Minapelekea kamio yangu, chef," lakini hawakuamini, walisema mtu hawezi kubeba pipa zima kwa kamio moja, walisema analisha magari ya adui, wakamfungia ndani ya kontena na kuizuia Fuso.

Habari ilipofika hapa, Papa Narcisse na Papa Jean-Luc wangeweza kukaa kimya, pipa halikuwa na jina lao, na wake zao waliwashika nguo wakiwasihi wasiende, nasi hatukuthubutu kuwaomba, lakini siku ya tano walipanda pikipiki wakaenda mpaka kwenye barieri ile, na Papa Narcisse akamwambia mkubwa wao, "Chef, ile pipa haiko yake peke yake, iko yetu siye batatu, kama njo kosa, basi utufunge bote," wakafungwa kweli, wote watatu pamoja, siku moja na usiku wake, na kesho yake wakaachiliwa bila pipa, wakarudi na Fuso ikivutwa na kamio nyingine kwa kuwa hata tangi lilikuwa limenyonywa likakauka.

Alirudi nyumbani tarehe 15 Septemba, lakini yule tuliyemjua hakurudi mzima, akisikia gari anasimama, akisikia mlango anasimama, kichwa kikamuuma kila siku, wauguzi wakapima tansio, presha ya damu, wakakuta iko juu sana, wakampa dawa na kumwambia apumzike, naye akawauliza kwa upole apumzikie wapi, na Jumapili tarehe 2 Novemba, baada ya misa, mkono wa kuume ukakataa kuinua kikombe na mdomo ukaenda upande, tukamkimbiza hospitali.

Kule alikaa siku sita, na Ijumaa jioni aliamka, maneno yanatoka kwa shida, jambo la kwanza akamwuliza mke wake mazutu iko bei gani leo, Mama Isimbi hakutaka kumdanganya, akamwambia, "Haiko, Papa Trésor, imeisha mu mugini muzima," na marehemu akacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki kwake, akasema, "Basi leo bote tunapumuzika," akamwomba Archange apande kitandani alale karibu naye, na Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, Bwana akamwita, akiwa na miaka arobaini na sita.

Ameacha mjane, watoto watatu, mama mzazi, ndugu watano, na barabara ambayo wenzake wataipanda tena kesho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliofanya kazi kwa taa za mkononi, majirani waliopika na kukesha, Mama Mukabaranga aliyepanda mlima huu kwa fimbo yake, wakwe zetu waliotoa mahali pa kaburi katika shamba lao kwa kuwa hatuwezi kumfikisha Lubero, padri wetu, na madereva wote, na kwa Papa Narcisse na Papa Jean-Luc hatuna neno linalotosha, tunawaomba tu muwe baba kwa watoto hawa.

Wanaorudi upande wa Sake wameomba maziko yafanyike sasa hivi, kabla barieri hazijafungwa, na wako sawa, basi sitarefusha.

Mama, kama bado unasikia, tunamweka ardhini vizuri, wako watu wengi.

Kaka Augustine, enda kwa Mungu wako, ukapumzike kwa amani, huko hakuna atakayekuuliza umebeba nini.